Sura ya Sita: Mbona Mbwa Huyu Hachoki?

Swali hili huulizwa zaidi na watu waliokwisha kumleta mbwa nyumbani kuliko wale ambao bado wanafikiria. Wanasema: tunamtembeza asubuhi, tunamtembeza jioni, watoto wanacheza naye uani mpaka wao wenyewe wanahema, na bado saa mbili usiku anazunguka sebuleni, anabeba viatu, anamlalia kila mtu mapajani. Je, ana kasoro? Au sisi ndio hatumtembezi vya kutosha?

Hana kasoro. Na kumwongezea kilomita hakusaidii sana. Ukimkimbiza mbwa wa namna hii kilomita tano kila siku, baada ya miezi michache utakuwa na mbwa mwenye pumzi ya kilomita kumi, na sebuleni atazunguka vilevile. Anachokosa ni kazi, na kazi yake ina sehemu mbili: kunusa na kusimama. Nitazieleza kwa kumtumia mbwa mmoja ambaye kwangu ndiye mfano ulio wazi kuliko wote, Vizsla wa Hungaria. Mengi utakayosoma yanawahusu pia jirani zake wa Ujerumani, Kurzhaar mwenye madoa ya kahawia na Weimaraner mwenye rangi ya kijivu.

Mbwa anayeonyesha

Mbwa wa kuwinda wana kazi tofauti. Saluki, ambaye wasomaji wa Omani na Ghuba wanamjua vizuri, huwinda kwa macho: humwona sungura au paa, humfukuza, humkamata. Wapo wengine wanaofuata nyayo kwa pua huku wakibweka ili mwindaji asipotee. Vizsla ni wa kundi la tatu, ambalo hapa tutaliita mbwa waonyeshaji. Hawa hutafuta ndege waliojificha majanini, na wakishawapata hawawarukii. Husimama papo hapo, wakaelekeza pua palipo na ndege, wakamngoja mwindaji afike.

Tazama kazi hiyo ikifanyika. Ni Oktoba katika uwanda mkubwa wa Hungaria, mahindi yamekwisha vunwa na mabua yamebaki. Mbwa anakata shamba kulia na kushoto mbele ya mwindaji, uso wake ukielekea upepo unakotoka, maana upepo ndio unaomletea harufu. Ghafla shingo inageuka kabla ya mwili. Mwili unaifuata kwa kujikunja. Hatua mbili za polepole, tumbo limeshuka, halafu basi. Mguu mmoja wa mbele umebaki hewani, umekunjwa. Mkia umenyooka sambamba na mgongo. Mdomo uliokuwa wazi kwa kuhema sasa umefungwa, kwa kuwa mbwa anayehema hanusi vizuri, na kinachocheza ni matundu ya pua tu. Mbele yake kidogo, chini ya magugu, fezanti amejibana ardhini asionekane. Fezanti ni ndege wa jamii ya kuku, na dume lake lina mkia mrefu wa kupendeza. Mbwa na ndege wanaweza kubaki hivyo hadi mtu afike.

Chanzo cha tabia hii ni cha zamani kuliko uwindaji wa bunduki. Mnyama anayewinda kwa kunyatia husita kidogo kabla ya kuruka. Mwangalie paka anayemvizia panya. Walichofanya wafugaji ni kuchagua mbwa waliosita kwa muda mrefu zaidi, wakawazalisha wao kwa wao kizazi baada ya kizazi, mpaka kule kusita kukawa sehemu ya damu yao. Ndiyo maana mtoto wa Vizsla wa miezi miwili, ambaye hajawahi kupelekwa shambani, anaweza kusimama na mguu juu mbele ya kipepeo.

Hapa ndipo jibu la swali letu linapoanza. Zile mbio zinazokuchosha wewe zilifugwa ili zimfikishe mbwa kwenye harufu, na harufu imfikishe kwenye utulivu. Mbio zinazoishia kwenye mbio tu zinamwacha mbwa katikati ya kazi yake.

Alikotoka

Inaelezwa kwamba wazee wa Vizsla waliingia bonde la Karpati pamoja na makabila ya Wahungaria, na maandishi na michoro ya karne ya 14 tayari inawaonyesha. Ufugaji wa kisasa wenye kumbukumbu za uzao ulianza mwaka 1920, mwaka uleule ambao Mkataba wa Trianon uliinyang'anya Hungaria takriban theluthi mbili ya ardhi yake. Mwaka 1936 Vizsla alitambuliwa na FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa. Vita Kuu ya Pili nusura ivifute vizazi hivyo vyote. Waliokimbia nchi waliondoka na baadhi ya mbwa wao. Mwaka 1950 wa kwanza waliingia Marekani, na mwaka 1960 chama cha mbwa cha huko, AKC, kikawaandikisha rasmi. Mwaka 2010 Vizsla aitwaye Yogi alishinda taji kuu la Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza.

Katika historia hiyo yote, jambo lenye faida kwa mfugaji ni moja. Vizsla alikuwa mbwa wa kazi zote: atafute ndege, amwonyeshe, kisha amlete baada ya kupigwa risasi, awe ameanguka majanini au majini. Mwindaji alikwenda kwa miguu, na mbwa alifanya kazi karibu naye, akigeuka mara kwa mara kumwangalia. Kwa hiyo alichaguliwa kwa kumpenda mtu kiasi cha kutotaka kumpoteza machoni. Maelezo rasmi ya FCI yanasema hata kwamba mbwa huyu hastahimili kutendewa kwa ukali. Ukimpiga Vizsla, utii hauji. Anajikunja, anaanza kukukwepa, na somo linafungwa kwa wiki kadhaa. Sijui mbwa anayelipiza ukali kwa huzuni kama huyu, na namsihi msomaji alichukulie jambo hili kwa uzito.

*Kwa ufupi:* Vizsla alifugwa akimbie ili anuse, anuse ili asimame, na afanye yote hayo akiwa karibu na mtu wake.

Pua kwanza

Ndani ya pua ya binadamu kuna seli za kunusia zipatazo milioni tano au sita. Mbwa wa kuwinda ana zaidi ya milioni 200, na sehemu ya ubongo wake inayochambua harufu ni kubwa mno ukilinganisha na yetu. Kunusa ni kazi ya akili. Robo saa ya kutafuta kitu kwa pua humtuliza mbwa huyu kuliko nusu saa ya kurushiwa mpira, na wanaowafuga wanalithibitisha hilo kila jioni. Tena mpira unaorushwa mfululizo unamzidishia wazimu: anafukuza, anarudi, anadai tena, na moyo haushuki.

Huhitaji shamba wala bunduki kuanza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na popote ulipo kuna sheria zake, kwa hiyo wasomaji wengi wa kitabu hiki hawatawinda kamwe. Pua ya mbwa haijui hilo. Mpe kazi hizi:

- Badala ya kumwekea chakula bakulini, tawanya punje za chakula kikavu kwenye nyasi, kwanza mahali padogo, baadaye uwanja mzima.
- Mfunge, ficha kitambaa chenye harufu yako nyuma ya tofali au juu ya tawi la chini, kisha mtume akitafute. Kifiche upande ambao upepo unatoka huko kuja kwake, ajifunze kuutumia.
- Buruta soksi kuukuu ardhini mita 20 au 30, ukunje kona moja, na mwisho wa njia weka zawadi. Siku zinavyokwenda, ongeza urefu na iache njia ipoe kabla ya kumleta.

Fanya asubuhi na mapema au jioni. Jua likiwa kali ataanza kuhema, na akihema pua inapungua kazi, mbali ya hatari ya joto lenyewe.

Somo la kusimama

Watu wengi humfundisha mbwa kukaa, kulala, kutoa mkono. Kwa mbwa mwonyeshaji neno la kwanza kufundishwa, baada ya jina lake na "njoo", liwe "simama". Asimame kwa miguu minne, asisogee, mpaka aambiwe. Wafunzaji wa mbwa wa ndege hawamwambii akae, kwa sababu mbwa aliyezoea kukaa huenda akakaa mbele ya ndege, na kule kukaa kunaharibu mkao wa kuonyesha.

Inavutia kwamba jambo hili si geni kwa msomaji wa pwani aliyesoma fiqhi ya Shafi. Aya ya nne ya Suratul Maida inawataja wanyama waliofunzwa kuwinda, na wanazuoni walipoulizwa ni mbwa gani anayehesabiwa amefunzwa, waliweka masharti: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata asile windo, na hayo yajirudie mpaka ijulikane kuwa ni tabia yake. Mfunzaji wa Budapest angetia saini chini ya masharti hayo bila kubadili neno. Kumtuma mbwa ni rahisi, maana damu inamtuma. Kumzuia akazuilika ndiko kunakomtofautisha mbwa aliyefunzwa.

Anza na bakuli la chakula. Mtoto wa mbwa wa wiki tisa anaweza. Shika bakuli kifuani; akiruka, usiseme kitu, ngoja. Miguu yote minne ikigusa ardhi, sema "simama" kwa sauti ya kawaida na uanze kulishusha. Akisogea, bakuli linapanda. Akisimama, linashuka. Hakuna anayemgusa, hakuna anayepaza sauti. Bakuli lenyewe linamfundisha kwamba kutulia ndiko kunakoleta chakula. Likifika chini, hesabu moja, mbili, kisha mruhusu kwa neno moja utakalolitumia daima, kwa mfano "haya". Baada ya siku kadhaa utaliona jambo zuri: mwili unakakamaa, mkia unanyooka, macho yanakuganda. Huo tayari ni mkao wa kazi.

Kutoka hapo somo linahamia mlangoni, kwenye geti, kwenye ngazi. Kila anapotaka kitu, anasimama kwanza. Kisha linatoka nje kwa msaada wa kamba ndefu ya mita 10 hivi, inayofungwa kwenye mkanda wa kifuani na kuachwa iburuzike ardhini. Mbwa anakimbia akijiona huru. Wewe unaikanyaga kamba tu pale asiposikia. Mtu anayevuta kamba kila dakika anamfundisha mbwa kuvutana.

Filimbi iingie mapema, kwa sababu sauti ya mtu hubadilika akiwa na hasira au hofu, na filimbi haibadiliki. Desturi ya wengi ni mlio mmoja mrefu kwa "simama", na milio mifupi mitatu au minne kwa "njoo". Iunganishe kwanza na bakuli la chakula ndani ya nyumba. Usiipige uwanjani mpaka uwe na hakika atatii, maana filimbi iliyopuuzwa mara nyingi haina thamani tena.

Urefu wa somo ni dakika tano, kisha dakika tano tena baadaye. Saa nzima ya mazoezi kwa mbwa mchanga ni saa ya kumchosha akili mpaka aanze kukosea, nawe uanze kukasirika.

Bawa, ndege na mlio wa bunduki

Sehemu hii ni ya wale wanaoishi mahali ambapo uwindaji wa ndege unaruhusiwa na wana kibali. Wengine waisome pia, kwa sababu inaeleza jinsi woga unavyotengenezwa.

Watu hupenda kumfungia mtoto wa mbwa bawa la ndege kwenye kijiti kwa uzi, wakalichezesha ili asimame na mguu juu, wapige picha. Mara chache si kitu. Ikizidi inamzoesha kutafuta kwa macho, nayo pua inalala. Mwalimu wake wa kweli ni ndege mzima wa porini. Mbwa mchanga akimsogelea mno, ndege anaruka na kwenda zake. Akisimama mbali, ndege anabaki. Baada ya kuwapoteza kadhaa, mbwa anaelewa mwenyewe kwamba kuharakisha ndiko kunakompotezea windo, na somo la bakuli linapata maana yake kamili. Kitu cha kuepuka ni ndege dhaifu aliyefugwa ambaye mbwa anaweza kumkamata. Akimkamata mara mbili tatu, hana tena sababu ya kusimama.

Mlio wa bunduki uje mwisho, na kwa mbali, mbwa akiwa ameshughulika na kitu anachokipenda. Mtu wa pili apige risasi moja umbali wa mita 100 au zaidi. Mbwa akiendelea na shughuli zake, siku nyingine mpigaji asogee kidogo. Akishtuka, mnarudi nyuma, hata kwa wiki nzima. Yule anayempeleka mbwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha "azoee" kwa siku moja anaweza kumharibu kwa maisha yake yote, na mbwa huyo ataogopa hata fataki za mwaka mpya na radi za masika.

Ndani ya nyumba

Vizsla hafai kuishi bandani. Afrika Mashariki tumezoea mbwa wa ulinzi anayefungiwa mchana na kufunguliwa usiku. Mbwa huyu ukimfanyia hivyo atalia, atachimba, atatafuna mlango, na wengine hujilamba miguu hadi kidonda. Kwa ulinzi vilevile si hodari, kwani atambwekea mgeni na dakika chache baadaye atamlalia. Manyoya yake ni mafupi na hayana tabaka la ndani la kumkinga na baridi, kwa hiyo hata Ulaya hulala ndani.

Kwa kuwa anampenda mtu kupita kiasi, kuwa peke yake ni somo linalofundishwa kama mengine. Toka chumbani nusu dakika, rudi bila mbwembwe. Kesho dakika mbili. Mpe mkeka wake au kitanda chake, na kila anapokwenda kulala hapo mwenyewe, mpitishie kipande cha chakula kimyakimya. Watoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku, na yule anayeng'ata kila kitu jioni mara nyingi ni mtoto aliyekosa usingizi. Kabla ya kumtoa tena nje akakimbie, jaribu kumlaza.

Mwili wake

Dume lina urefu wa sentimita 58 hadi 64 begani, jike 54 hadi 60. Akitunzwa huishi miaka 12 hadi 14. Mifupa yake inaendelea kukua hadi karibu mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo kumkimbiza mtoto kando ya baiskeli au kumrusha vizuizi kabla ya umri huo ni kumtafutia maumivu ya viungo.

Kifua chake ni kirefu kwenda chini, na mbwa wa umbo hilo wako katika hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda. Dalili ni tumbo gumu lililovimba, na mbwa anayejaribu kutapika bila kutoa kitu. Hapo usingoje asubuhi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Ili kupunguza hatari, mgawie chakula mara mbili kwa siku na usimlishe karibu na muda wa kukimbia.

Magonjwa yanayorithiwa ni pamoja na nyonga zisizokaa vizuri, kifafa, na ugonjwa wa misuli unaowapata Vizsla hasa, ambao hudhoofisha misuli ya kutafunia na kumezea. Kwetu ongeza kupe na homa zao. Manyoya mafupi yanarahisisha kazi: pitisha mkono kila jioni ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Na chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala.

*Kwa ufupi:* akili yake ichoshwe kila siku, mwili wake uchoshwe kwa kadiri ya umri, na usingizi wake ulindwe.

Je, anakufaa?

Jiulize, na ujibu kwa ukweli:

- Kuna mtu mzima nyumbani sehemu kubwa ya mchana?
- Unaweza kumpa saa moja hadi mbili za kazi na matembezi kila siku, pamoja na siku za mvua?
- Kuna uwanja salama anapoweza kukimbia bila kamba?
- Wote mnaoishi naye mmekubaliana kwamba hapigwi?

Jibu moja likiwa hapana, tafuta mbwa mwingine; wapo wengi wazuri wanaoridhika na uani na mlo. Majibu yote yakiwa ndiyo, mtafute mfugaji atakayekubali umwone mama na watoto wake wakiwa pamoja, atakayekuonyesha vipimo vya nyonga vya wazazi wote wawili, na ambaye hatakukabidhi mtoto kabla hajatimiza wiki nane. Mfugaji anayekuuliza maswali mengi kuliko unayomuuliza wewe ndiye wa kumchagua. Kisha mlete nyumbani, na jioni hiyohiyo shika bakuli lake kifuani ungoje miguu minne itulie.